Kiungo Alichokiomba Bi Hakiki

Saa nne asubuhi jana, mkuu wa idara alikofanya kazi marehemu alisimama kando ya jeneza, akavua miwani, akasema: "Pengo la Bi Hakiki halitazibika." Mume wa marehemu, fundi cherehani, alikuwa mstari wa mbele. Hakuinua kichwa.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Hakiki ni jina alilobandikwa na wenzake kazini, naye akalizoea. Kampuni yao hutengeneza programu ya kulinganisha saa, ili kompyuta zilizo mbalimbali ziafikiane wakati. Programu hiyo ina mwongozo, na mwongozo una viungo: unabonyeza, unapelekwa kwenye ukurasa wenye maelezo zaidi. Kurasa huhama. Nyingine hufa. Kazi ya Bi Hakiki ilikuwa kuhakikisha kila kiungo kinamfikisha msomaji panapostahili.

Hakuridhika na kufungua tu. Aliiharibu makusudi saa ya kompyuta yake, kisha akafuata maelezo kama mgeni asiyejua lolote, mpaka saa ikae sawa. Mume wake anaikumbuka Jumamosi ambayo mkewe alisahau kuirudisha saa hiyo.

"Tulifika harusini kwa mdogo wake watu wanakunja viti," anasema. "Bibi harusi akamwambia, 'Dada, na wewe ndiye mtaalamu wa saa?' Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini."

Baadaye kampuni ilinunua programu ya kukagua viungo. Kiungo kikifunguka, inaweka alama ya kijani. Basi. Bi Hakiki akahamishiwa meza ya simu za wateja. Huko ndiko fundi wa maabara ya hospitali alikompigia.

"Dada, saa za mashine zangu mbili zinabishana. Sijui kipimo kipi kilitangulia. Nimebonyeza mwongozo wenu, nimeletewa viatu!"

Ni kweli. Ukurasa ulioeleza ufuate saa ipi ulikuwa umehama, na anwani yake ya zamani ilinunuliwa na muuza viatu. Kiungo kilifunguka vizuri. Kilikuwa kijani.

Bi Hakiki alimwelekeza fundi huyo wa maabara kwa mdomo, akaitafuta anwani mpya, akampelekea mkuu wa idara.

"Bi Hakiki, si kinafunguka?" mkuu alimjibu mbele ya watu. "Au unataka kikupe na shikamoo?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Alikumbusha tena. Akapigwa danadana. Kisha figo zikamlaza, na mkuu alipokuja wodini na maua, mgonjwa aliomba jambo moja tu: kiungo kile.

"Pumzika, dada. Kesho nakibadilisha mwenyewe."

Mume alikuwepo, amemshikia mkewe kikombe. Alisikia kwa masikio yake.

Jana, udongo ukiwa bado mbichi, alimsogelea mkuu. "Bosi, kile kiungo?"

"Shemeji, leo si siku yake."

"Ahadi ni deni," mume anatuambia, "na mdai tumeshamzika."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mume huyo, na mdogo wa marehemu, na wote waliompenda. Nasi tujiulize: huyu tunayemmwagia sifa leo, alituomba nini akiwa hai, tukamcheka?

Leo mchana, kabla ya kuingia hewani, tulikibonyeza kiungo kile. Kilifunguka. Viatu vimepunguzwa bei.