Wimbo wa Kwenye Dripu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Fundi Redio, ambacho siku hizi kina kufuli. Mwenyewe anatibiwa saratani. Kesho anatakiwa kurudi kutundikiwa dripu ya dawa, ile iliyomtapisha mpaka akaapa haendi tena. Nesi kamshauri asikilize muziki dripu ikiingia: hautibu, ila unapunguza hofu na kichefuchefu. Basi kazi ya kuchagua wimbo tukajitwika sisi, watu ambao hata sukari ya kahawa hatukubaliani.

— Apelekewe ngoma nzito! alisema Dobi, ambaye hajui kuongea polepole. Dawa ya moto ni moto. Ugonjwa wenyewe utahama.

— Uhamie wapi? Kitanda cha jirani? aliuliza Kinyozi. Kinyozi huyu, tangu avae koti jeupe la kunyolea, anajiona daktari. Gitaa laini, bwana. Sasa hivi tumbo lake tupu, na wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Wimbo utazunguka humo mpaka uingie kwenye damu.

— Damu ina masikio? aliuliza Dobi.

— Ndiyo maana nasema upitie tumboni!

Nyundo, mwashi wetu, akasafisha koo.

— Mimi naweza kumwimbia...

— Nyamaza! tukasema wote. Nyundo akiimba, hata Fundi, pamoja na upole wake, huwasha redio zote alizonazo mezani.

Hapo akafika shemeji, mke wa Fundi, simu mkononi. Tukamsogezea nafasi.

— Kakubali kwenda, akasema, nasi tukashusha pumzi. Ila wimbo anaoupenda hataki kuusikia kule. Anasema utashikana na kichefuchefu, halafu akipona ataukimbia. Ameuweka wa siku ya kufungua kibanda. Sasa anauliza, nani atatoa wimbo wake, akijua Fundi hatauruhusu tena hapa kijiweni maisha?

Dobi akachungulia birika. Kinyozi akakumbuka ana mteja.

— Wangu, alisema Nyundo. Huo anauchukia tayari. Hakuna hasara.

Shemeji akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mumewe augue. Akawasha simu irekodi. Nyundo akavua kofia, akaimba, akapotea njia ubeti wa kwanza tu. Dobi akaziba masikio, kisha akayaachia, akaanza kuitikia. Nami nikaitikia.

Nyundo akakatiza wimbo, akamtazama shemeji kwa aibu.

— Zimebaki beti nyingi.

— Imba zote, shemeji, akajibu mke wa Fundi. Dripu yenyewe ni ndefu.