Namba Nne Haijakamilika

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee habari za kaka yetu mkubwa, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na si msemaji mnivumilie, maana karatasi hii nimeiandika mara tatu, na mara zote tatu nililiruka jambo moja, leo siliruki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi viatu na mkunga, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba, palipokuwa pananuka gundi mchana kutwa. Alianza shule ya msingi Januari 1958, akamaliza sekondari Novemba 1968, ambako alifaulu vizuri sana Fizikia na kuanguka somo la dini, kwa sababu, kama alivyotueleza mwenyewe bila haya, alimwuliza mwalimu mbinguni ni kilomita ngapi kutoka pale walipokaa.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika jumba la sinema kama mfagizi, mwaka 1972 akapandishwa chumba cha mashine, akawa mwonyesha filamu kwa miaka ishirini na miwili. Huko ndiko alikokutana na Nje ya Jua, filamu saba za chombo cha angani kilichopotea njia, na nahodha wake, mwanamke asiyekata tamaa ya kurudi nyumbani. Kila filamu ilikuja na mabango matatu, mawili yakabandikwa nje, la tatu meneja akamwachia yeye, naye akaliviringisha taratibu, akaliingiza kwenye bomba la kadibodi, akaliandika namba kwa kalamu nene, na mtaa mzima ukaacha jina alilopewa na wazazi ukamwita Sayari.

Bango la filamu ya nne lilifika Desemba 1974, nahodha amesimama mlangoni mwa chombo, mkono ameunyoosha kama anayemwita mtu aingie, na sikukuu zilipokwisha lilikuwa bado juu ya kabati nje ya bomba lake. Jumatatu tarehe 6 Januari 1975 shule zilifunguliwa, mimi naingia darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa ametangaza kwamba daftari lisilojalidiwa asilione darasani mwake. Baba alikuwa safarini kutafuta ngozi, mama yuko zamu, kaka yuko kazini, nami nikachukua mkasi. Nililikata bango lile vipande vinne sawasawa, nikajalidi Hesabu, Lugha, Sayansi na Jiografia, picha nikaificha ndani, upande mweupe nikauweka nje, na mwalimu akanisimamisha mbele ya wenzangu akinisifu kwa usafi. Huo ndugu zangu ndio mkato wangu wa kwanza, na mwenye kitambaa hakuwa ameagiza.

Kaka alilitafuta siku mbili, chini ya vitanda, nyuma ya kabati, hata kwenye pipa la ngozi za baba, na aliponiuliza nilijifanya hamnazo. Mama akasema labda amelisahau kazini. Yeye akatazama meza niliyokuwa nikiandikia, akasema aa, basi, akaenda zake kazini. Tangu siku hiyo mtu akimwuliza habari za mabango yake, alijibu kwamba yote yapo, ila namba nne haijakamilika. Tulimsahihisha mpaka tukachoka, mkewe akimwambia sema haijapatikana mume wangu, bango si jengo likamilike, naye akacheka, akarudia neno lake lilelile.

Mke huyo, wifi yangu mnayemwona hapa, alikuwa mkata tiketi wa jumba lilelile, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Juni 1977, na Mungu akawajalia watoto watatu, mwalimu, fundi umeme na mfamasia. Watoto hao wamekulia sebule yenye mabango sita ukutani, na kati ya la tatu na la tano msumari mtupu, ambao ole wake mgeni aliyetundika kofia yake pale.

Sinema ilipofungwa mwaka 1994 na jengo likawa stoo ya vigae, marehemu alihamia kiwanda cha uchapaji kama mkata karatasi hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Mwaka 2009 alikuja mkusanyaji mmoja wa mabango na namba nne nzima, mpya kabisa, akamwambia ichukue mzee wangu, mimi ninazo mbili, tukadhani kaka ataruka kwa furaha. Aliitazama sana, akaisifu, akairudisha, akasema asante, yangu ninayo. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chai, nusura nilidondoshe, maana nilitamani aichukue tu ili dhambi yangu iishie pale.

Agosti 2021 aligundulika kuwa na tatizo la figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumapili tarehe 7 Mei mwaka huu wa 2023, saa ya kutazama wagonjwa, aliniuliza kama bado ninalo daftari langu la Hesabu la darasa la nne. Nikajibu harakaharaka kwamba hata silikumbuki, naye akanipapasa mkono, akasema haya, hakuna haraka. Nilimdanganya mgonjwa. Daftari lile liko kwenye mtoto wa meza ya cherehani yangu miaka yote hii, nilishindwa kulitupa, nikashindwa kulirudisha. Nilipiga moyo konde kwamba Jumatano nitampelekea, lakini kaka alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei, saa tano asubuhi.

Alhamisi wifi alipokuwa akitafuta vyeti vya marehemu alifungua bomba namba nne, ambalo sote tulijua ni tupu. Ndani mlikuwa na majalada yangu matatu, Lugha, Sayansi na Jiografia, aliyoyachomoa kila daftari lilipojaa, mimi nikidhani mama ameyawashia jiko, yamepigwa pasi, yamebandikwa juu ya karatasi ya kaki, nahodha amesimama mlangoni, mkono hana. Penye pengo ameandika kwa penseli: Hesabu, anayo mwenyewe. Alijua tangu mwanzo, hakunitaja kwa mama, wala kwa mkewe, wala kwa yule mgeni, na alinisubiri miaka arobaini na minane niseme kwa mdomo wangu. Nimelia ndugu zangu, na aibu imenila.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa sinema na wa kiwanda, hasa yule aliyekuja jana na gundi nzuri, kwa sababu jana saa nne asubuhi mimi na wifi tulikibandika kipande cha mwisho, na msumari ule sasa una kazi.

Kaka, nililikata mimi. Nisamehe, pumzika kwa amani, namba nne imekamilika.