Mzee Nusa na Uji Uliokuja Mweupe

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Nusa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe, na inasemekana hata ziwa la mama alilinusa kwanza kabla ya kulikubali.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akiwa hodari wa hesabu na mgumu wa kuamini, kiasi kwamba mwalimu akitoa jibu, yeye alikokotoa upya.

Mwaka 1972 aliajiriwa na kiwanda cha biskuti na vinywaji vya chupa, kwanza kama mpakiaji, kisha dereva wa lori la kusambaza, hadi alipostaafu mwaka 2011, na huko ndiko shaka yake ilikoota mizizi, kwa kuwa aliona panya wa stoo wakitoboa magunia ya mahindi na kuziruka katoni za biskuti za krimu, naye akajiuliza, panya asiyechagua chakula ameona nini humo. Tangu hapo hakuna kilichofungwa kwa nailoni kilichovuka kizingiti chake, na kwenye sherehe za watu alikwenda na viazi vyake vya kuchemsha mfukoni, jambo lililomwaibisha sana mkewe.

Mke huyo, fundi cherehani, alifunga naye ndoa tarehe 2 Septemba 1978, akamvumilia hadi alipotangulia mwaka 2009, na walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wa kiume alimuoa keshia wa supamaketi, na marehemu hakuficha kwamba kwake huko kulikuwa kumkabidhi fisi bucha.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kuumwa koo, akahamia kwa mwanawe, na mkwe wake, yule keshia, akawa anamtwangia mtama alfajiri kabla ya kwenda kazini. Lakini uji ulikuja laini mno, naye akasema dalili ya mvua ni mawingu, mtama wa kinu haulainiki hivyo, huo ni unga wa pakiti, na mdundo wa kinu ni wa kumzuga tu. Basi akamtuma dada yake, shangazi yetu, achanganye kwa siri konzi kadhaa za mtama mwekundu katika gunia la mtama mweupe, uji ukija na wekundu mkwe ni mkweli, ukija mweupe ni mwongo.

Uji ukaja mweupe pe. Marehemu akausukuma, akamwambia mwanawe kwamba mkewe anawalisha watu uongo, akagoma kula, akazidi kudhoofu, na mkwe akawa anatoka jikoni macho yamevimba, asijue kosa lake, huku baadhi ya ndugu wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Shangazi alipokuwa akifagia jikoni alikuta kikombe dirishani, kimejaa mtama mwekundu, akauliza, na mkwe akamjibu kwamba muuza nafaka amewachezea, mtama umechanganyika, hivyo huuchambua punje kwa punje kabla ya kutwanga, maana mwekundu ni mchungu na baba atakataa kunywa, kisha huuchekecha mara tatu, kwa kuwa daktari amesema koo lake halistahimili chenga. Shangazi alikipeleka kikombe kitandani, akamweleza marehemu aliyoyasikia. Marehemu alikishika kwa mikono miwili, akalia, akamwita mkwe, akamwambia, mwanangu nimekudhulumu, niletee uji wako, akaunywa wote, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, hakuunusa.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa moja asubuhi, nyumbani, mkwe wake akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na viti, na madereva wenzake wa zamani, ingawa zile katoni za soda walizozificha nyuma ya tangi tumeziona, na tunashuku hata yeye amezinusa kutoka humo alimo. Chakula cha waombolezaji kiko tayari, mtama na maharage, amekipika mkwe wake kwa mkono wake, tunawaomba mle bila kunusa, kama alivyofanya mwenyewe.

Mzee wetu, pumzika kwa amani.