Bwana Mkubwa wa Sahani Ndogo

Kijiwe cha Osea kinyozi hakina anwani, lakini dereva yeyote aliyewahi kulala foleni Tunduma anakijua. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya semi, nje ya kibanda cha kunyolea, ukitazama malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Hapo ndipo Lusungu anapotua dele lake la kahawa kila alasiri. Kahawa ni ya Mbozi, na wanaoinywa ni Wambozi wenyewe, watu ambao nyumbani kwao wanakunywa chai, halafu wanakuja mjini kununua kahawa waliyoilima kwa mikono yao na kuisifu utadhani imetoka Uarabuni. Ndivyo walivyo, na ukiwauliza sababu watakujibu kwa methali isiyohusika. Jumamosi hiyo ya mwaka 2006, wiki chache kabla ya Pasaka, ubao ulikuwa umejaa na dele lilikuwa bado zito.

Osea alikuwa na miaka ishirini na mmoja na masikio ya mzee wa sabini. Vijana wenzake walitembea na bongo fleva mifukoni. Yeye alikuwa na gramafoni ya marehemu babu yake Jonasi, aliyerudi nayo kutoka migodi ya shaba ya Kitwe, Zambia, pamoja na sanduku la santuri za Kizungu. Alizipenda kuliko chakula. Alipenda hata ule mkwaruzo wa sindano kabla wimbo haujaanza, kama mtu anayesafisha koo mlangoni. Shida ni kwamba kibanda kilikuwa na soketi moja tu. Mashine ya kunyolea ikichomekwa, gramafoni inanyamaza. Gramafoni ikichomekwa, mteja anasubiri. Siku hiyo aliyekuwa anasubiri ni Makoye, mfugaji wa Momba anayeitwa Zizi, nusu ya kichwa kikiwa kimenyolewa na nusu nyingine bado msitu. Wala hakulalamika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba muziki.

— Ng'wanawane, weka ile ya ng'ombe, alisema Makoye, akimwita mwanangu kwa Kisukuma chake.

Osea akaweka santuri, sahani kubwa ya yule anayeonekana na kofia pana kwenye jalada. Gita la kuteleza likalia, na sauti nzito ya huzuni ikafuata.

— Huyu ni Msukuma, Makoye akatangaza. Mzungu gani anaweza kumlilia ng'ombe namna hii?

— Zizi, Kiingereza hujui. Umejuaje ni ng'ombe? Huyo aliyeuliza ni Sadock, mbadilisha kwacha, ambaye kijiwe kilimpa cheo cha Waziri wa Fedha.

— Kilio cha ng'ombe hakina lugha, Waziri. Mtu akimlilia mke, katikati anapumzika kidogo. Akimlilia ng'ombe hapumziki. Sikiliza! Kapumzika huyo?

Wakasikiliza. Kweli, hakupumzika.

— Mimi nampenda kwa kitu kingine, Osea akasema. Anaacha gita liingie kwanza, yeye anafuata nyuma kama mgeni mwenye adabu. Na sahani nzima iko hivyo. Upande wa kwanza mtu anaondoka kwao, upande wa pili anarudi. Ukisikiliza wimbo mmoja tu umempandisha gari ukamshusha njiani.

— Dogo, we ungekuwa mchungaji, alisema Lusungu, akimimina.

— Aweke ile ya lori! Sadock akadai.

Ya lori ni ile ya wenye nywele ndefu na magita ya umeme. Sadock alishaamua zamani kwamba wimbo wote unahusu semi iliyokatika breki mteremko wa Mbalizi, na ngoma ile ni mizigo inayogongana nyuma. Osea alicheka mpaka machozi. Yeye katika wimbo ule alisikia kitu kingine: vijana wanne waliokatazwa kupiga kelele nyumbani, sasa wamepata nyumba yao. Furaha ya namna ile ilimfanya atamani kukimbia barabarani bila sababu.

— Haya, tosha michezo, sauti moja ikakoroma kutoka mwisho wa ubao. Mlete Bwana Mkubwa.

Huyo alikuwa Mwalimu Kefa, kiongozi wa kwaya ya Moraviani, ambaye jina lake la kijiweni ni Besi. Akikusalimia, kikombe chako kinatetemeka. Na hapo Osea alijua mazungumzo yanakoelekea.

Bwana Mkubwa alikaa kwenye sahani ndogo kuliko zote, yenye tundu pana katikati, pana kiasi kwamba Osea alichonga gunzi la hindi na kulichomeka hapo ili ikae sawa. Waliimba wanaume watupu. Nyuma, kundi likisema dum, dum, dum bila maneno. Mbele, mtu mmoja mwenye sauti ya kutoka chini ya ardhi, taratibu, akivuta kila neno kama jembe kwenye tope. Kefa aliisikia mara moja akarukwa na akili. Deus, mwimbishaji wa kwaya yake, alikuwa amehamia Itaka kwa wakwe, na Pasaka kwaya zote zilikuwa zinakutana Mbozi Mission. Basi Kefa alisimama pale pale kijiweni, mbele ya watu wote, akasema: atakayeweza kuimba kama Bwana Mkubwa, huyo ndiye mwimbishaji wangu. Na leo saa kumi, mazoezini, ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua.

Osea aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Wimbo wa Bwana Mkubwa aliujua hadi pumzi. Lakini Mungu alimpa sauti nyembamba, ya juu, ambayo kanisani iliwafanya akina mama wageuke kutazama ni nani kawapita.

Gunzi likakaa, sindano ikashuka. Dum... dum... dum.

— Mtamu! Kefa alifumba macho. Mnaona? Huyu ana shingo kama ya dume la nyati. Besi inatoka shingoni.

— Shingo wapi! alisema Sadock. Huyu alifanya kazi mgodini. Vumbi la shaba likiingia kifuani, sauti inashuka. Babu Jonasi alimjua, ndiyo maana akanunua sahani yake.

— Waziri, acha fiksi. Mtu mmoja hawezi kutoa sauti hii, Makoye akakata. Hawa ni wawili. Mmoja yuko kisimani, mwingine anamshikia kamba.

Lusungu alishusha dele. Alisema kwa kunong'ona:

— Mimi nawaambia, huyu alirekodiwa akiwa ameshakufa. Sikilizeni anavyovuta. Mtu aliye hai ana subira gani ya kuimba hivi?

— Hana haraka, ndiyo sifa yake, alijibu Sadock. Haraka haraka haina baraka.

— Osea, hebu, alisema Kefa. Tusisubiri saa kumi. Tuonje.

Ubao mzima ukamgeukia. Kwa miezi mitatu kijiwe kilimpa dawa zote. Lusungu alimnywesha kahawa yenye tangawizi ya kuchoma koo. Sadock alimwambia akohoe kidogo kila asubuhi, kwa kuwa bandu bandu huisha gogo, na sauti nyembamba itakwisha vivyo hivyo. Tena akamshauri anywe maziwa ya fahali, mpaka Makoye akamuuliza atamkamulia wapi. Osea alifanya yote yaliyowezekana. Aliimba hata ndani ya pipa tupu la maji.

Sasa akavuta pumzi, akabana kidevu, akashuka. Neno la kwanza lilitoka kama mlango usiotiwa mafuta. La pili likakatika katikati na kuruka juu, likalia kama jogoo mchanga.

Kijiwe kiliangua kicheko. Sadock alimwaga kahawa magotini. Osea naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka kijiweni huchekwa mara mbili, lakini iliuma. Iliuma sana.

— Mwanangu, Kefa alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi. Kila mtu na karama yake. Utatubebea vitabu vya nyimbo.

— Ndiyo, Mwalimu, alijibu Osea.

Hapo ndipo mama mmoja aliposhuka kwenye lori la Kizambia lililokuwa limekwama foleni, chitenge kiunoni, kiatu kimoja mkononi kwa kuwa mkanda ulikatika. Alikuja kwa ajili ya kahawa.

— Mulishani, mukwai, akasalimia kwa Kibemba.

— Bwino, mama. Karibu ukae, Osea alimpisha, akairudisha sindano mwanzo wa wimbo.

Mama akapokea kikombe, akasikiliza. Akasikiliza tena. Uso wake ulikunjamana kwa huruma.

— Samahani, wazee. Huyu anayeimba, anaumwa?

Kefa akatabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto.

— Mama, hiyo ndiyo besi yenyewe.

— Awe, awe, alikataa akitikisa kichwa. Basi niambieni, wimbo huu watu wanauchezaje?

Walikuwa wamejadili shingo ya Bwana Mkubwa, kifua chake, kisima chake na kaburi lake. Hakuna aliyewahi kujaribu kuucheza. Makoye alitikisa bega moja, akasubiri dum inayofuata ifike, bega likachoka.

— Sisi Kitwe tuliucheza, alisema mama. Mimi na marehemu mume wangu, sebuleni, watoto wakitucheka. Hii sahani ndogo haizunguki polepole kama kubwa. Mbona hapa mmefunga?

Alikuwa akionyesha kidude kidogo cha kubadili mwendo kando ya sindano, kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

— Nilikifunga mimi, alisema Osea. Siku ya kwanza nilikisogeza, yule wa ng'ombe akaimba kama kuku wanaogombana. Nikajua pameharibika. Nikakifunga kisisogee tena.

— Kwa sahani kubwa, ndiyo, kuku. Na kwa hii ndogo, ulijaribu?

Osea hakuwa amejaribu. Alitazama gramafoni ya babu, akaogopa. Ikifa hii, sanduku zima limekufa nayo. Halafu akawaza vitabu vya nyimbo atakavyovibeba. Akachukua wembe, akakata mpira, akasogeza kidude.

Kwanza zile dum zikaamka. Zilizokuwa zinajikokota zilianza kutembea, kisha zikarukaruka kama watoto waliofunguliwa shule. Na juu yao akaingia yeye. Hakuwa na shingo ya nyati. Alikuwa kijana. Sauti nyembamba, safi, ya juu, ikipanda pale wengine wanapoishia na kucheka huko huko juu.

— Bwana Mkubwa kaenda wapi? alinong'ona Makoye.

Mama wa Kitwe alishaweka kiatu chini. Alikuwa anacheza peku, mikono ikimshika mtu asiyekuwepo, na uso wake ulikuwa wa msichana.

Osea hakukusudia kuimba. Ni pumzi tu, alizijua zote, alizifukuza miezi mitatu zikiwa zimelala, na sasa zilikuja zenyewe. Akafungua mdomo na sauti yake ileile, ile ya kugeuza vichwa kanisani, ikatoka na kukaa bega kwa bega na ya yule kijana wa kwenye sahani, kiasi kwamba huwezi kusema ipi ya nani. Hakubana kidevu. Lusungu aliendelea kumimina kikombe kilichokwisha kujaa, kahawa ikimwagika chini. Madereva walizima injini kusikiliza. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe, na aliimba akiijua.

Sindano ilipofika mwisho, hakuna aliyecheka.

Sadock alikohoa, akamgeukia Kefa.

— Mwalimu. Ahadi ni deni.

Kijiwe kikamtazama Sadock kwa mshangao. Ilikuwa methali ya kwanza kumtoka mahali pake.

Kefa alitazama ndani ya kikombe chake, kilikuwa kitupu.

— Lusungu, niongeze.

— Imeisha, Mwalimu. Nyingine nimemwaga nilipomsikia dogo.

— Basi. Kefa akasimama, na ile sauti yake ya kutetemesha vikombe ilikuwa imelainika. Yaani wimbo wa ufufuo nimewafundisha wanaume wangu kwa mwendo wa mazishi, nikiiga sahani hii! Mwezi mzima! Nilikuwa najiuliza mbona Yesu hafufuki. Osea, twende. Utasimama mbele, wala usiimbe kama mtu mwingine yeyote. Na hiyo gramafoni ibebe, besi zangu zote zinaanza upya.

— Na gunzi?

— Gunzi kwanza!

Osea akachomoa waya, akakumbatia gramafoni ya babu yake kifuani na kuvuka barabara kati ya malori akiimba, Kefa nyuma yake akimpigia dum, dum, dum kwa mwendo mpya, na mama wa Kitwe akiwapigia makofi.

Makoye alibaki ubaoni na shuka la kunyolea shingoni. Akapapasa upande mmoja wa kichwa, laini. Akapapasa wa pili.

— Jamani, akauliza. Na huu msitu?

Soketi ilikuwa wazi sasa, mashine ilikuwepo, na kinyozi alikuwa anaishia kona ya kanisa akiimba.