Wivu juu ya Mgongo wa Pal

Asubuhi, kabla jua la Kakuma halijapita chini ya turubai, benchi la kahawa la Habibo huwa limeshajaa. Tangu Pal arudi kutoka Eldoret na mshono mgongoni, kikombe cha kwanza ni chake. Kiti cha plastiki chenye egemeo nacho ni chake, ingawa zamani kilikuwa cha Gitau, fundi wa pikipiki anayeitwa Spana. Wiki hii Spana ameanza kusema kwamba naye anaumwa mgongo. Hakuna anayemwamini.

— Ejok, wazee, Spana aliwasalimu, akijibana kwenye ncha ya benchi. Usiku sijalala. Huu mgongo.

— Umeanza, alisema Namuria, dalali wa mbuzi, ambaye kijiwe humwita Wakili. Ukilala ndiyo inauma, sio? Kama ya Pal?

— Nikilala inazidi. Nikisimama inapungua.

— Hayo ni maneno yangu, Pal alisema. Nilisema hapa hapa, wewe ukabeba.

— Kwani maumivu umeandikisha kwa jina lako?

Habibo alimimina kahawa.

— Pal, mwambie vile ilikuwa, aone tofauti.

Pal alipenda kuombwa.

— Ilianza na mgongo, usiku. Halafu miguu ikawa kama si yangu. Mwisho hata mkojo ukakataa kutoka. Wakanipiga picha kwa ile mashine unaingizwa mzima kama mkate kwa tanuri. Wakaona uvimbe ndani ya uti, umebana mishipa ya fahamu. Daktari akafungua mfupa kwa nyuma, akautoa polepole, kutwa nzima. Akasema ningekawia, miguu haingerudi.

— Uvimbe wa mbwa huo, Wakili alisema. Turkana hii uvimbe wote unatoka kwa mbwa.

— Walipima. Si wa mbwa. Na si kansa.

— Basi ni wa mbwa ambaye hawamjui huko Eldoret.

— Ni barabara ya Kainuk, alisema Abdikafi, mwenye pikapu ya kwenda Lodwar. Ile kutetemeka akisafiri miaka yote. Uboho unatingishwa mpaka unaganda, kama maziwa kwa kibuyu.

— Mimi nilisikia walitoa mfupa wake wakaweka wa ngamia, Wakili alisema. Ndiyo maana siku hizi anatembea shingo juu.

— Wa ngamia ama wa mbuzi, kila mtu anamuuliza ameamkaje, Spana alisema. Mimi nimetengeneza pikipiki za mtaa mzima. Nani ameniuliza?

Walicheka.

— Sasa huo ndio ugonjwa wako, Habibo alisema. Unaitwa wivu, na hauna upasuaji.

— Huo pia niko nao. Sikatai.

— Tafuta ugonjwa mwingine, Pal alisema. Huu wangu daktari alisema hauonekani ovyo.

Mwanamke mmoja alifika na mfuko wa safari. Alikuwa Kaha, abiria wa Abdikafi, mgeni pale kijiweni. Aliwasalimu, akaagiza kahawa, akainama kuweka mfuko chini ya benchi.

— Kaka, slipa yako nyingine iko wapi?

Spana alitazama miguu yake. Wa kulia ulikuwa na slipa. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa mchanga wa laga, ule mto mkavu aliouvuka akitoka gereji.

— Iko..., alisema, akageuka kutazama ng'ambo ya laga.

Wakili aliinama, akaitafuta chini ya benchi.

Pal aliweka kahawa chini. Aliinama kwa taabu, akamshika Spana kisigino na kukigeuza. Mwiba wa mti wa mathenge ulikuwa umezama katikati ya unyayo, na damu ilikuwa imeshakauka. Hapa mtu mzima akichomwa na mathenge huketi chini na kupiga kelele. Spana alikuwa bado anatazama ng'ambo ya laga, akitafuta slipa kwa macho.

— Nimetoa, Pal alisema.

— Umetoa nini?

Pal alimwonyesha mwiba. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini:

— Na mkojo?

Spana aliweka mkono chini ya kitovu. Abdikafi alikuwa ameshauchukua mfuko wa Kaha, anaupeleka nyuma ya pikapu ili kiti cha mbele kibaki wazi kwa Spana.

— Lakini mimi nilikuwa naona wivu tu, Spana alisema.

— Najua, Pal alisema. Simama, unishike bega.