Mtunza Zana Asiyemwamini Hata Mpwa Wake

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtunza zana wa karakana kuu ya kambi yetu ya ndege za kijeshi anastaafu. Sote tunamwita Mama Kivuli. Jina hilo limetokana na ubao ulio nyuma ya meza yake, ambapo kila spana, koleo na bisibisi imechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi. Zana ikiondoka, kivuli hubaki. Anayeichukua hutundika pale kibati chake cha shaba chenye namba, na tangu hapo zana hiyo iko shingoni mwake.

Historia ya kambi hii imo katika ubao huo. Chini ya rangi ya sasa yanaonekana maumbo manene ya spana za ndege za pangaboi, zilizotua hapa wakati uwanja ulikuwa nyasi tupu na banda moja la mabati la jeshi la kigeni. Juu yake yamechorwa maumbo ya enzi za jeti, zege ilipomwagwa na nyumba za watumishi zikajengwa. Ya juu kabisa ni ya helikopta. Mama Kivuli alizikuta jeti zikiwa mpya, akaziaga zikivutwa kwenda kuuzwa kama vyuma chakavu. Muda wote huo hakumwamini mtu. Mkuu wa kambi mmoja aliingia stoo kumsalimia tu, akatoka amekaguliwa mifuko.

Katika mwaka wa maadhimisho ya nusu karne ya kambi, jioni ya kuamkia maonyesho, spana moja ilikosekana. Kibati kilichoning'inia kilikuwa cha mtoto wa kaka yake Mama Kivuli, fundi aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini. Kijana alimwita pembeni.

"Shangazi, nakuomba, usiseme leo."

"Shangazi yako yuko nyumbani. Hapa yupo mtunza zana."

Akapiga simu, na ndege zote tatu za maonyesho zikazuiwa.

Polisi jeshi walifika na jibu mkononi: spana imeibwa, na mwizi ni mwenye kibati. Kijana akawekwa ndani. Mkuu wa kambi aliridhika; mwizi amepatikana, ndege ziruke. Mama Kivuli aliona jibu hilo limekuja upesi mno, akamshuku mkuu naye.

"Mtu mmemkamata," alisema, "spana hamjaikamata."

Akataka viti vya marubani ving'olewe. Mafundi walinung'unika, na mmoja akamwambia, "Mama, wewe ungeshuku hata kivuli chako." Akajibu, "Nilianza na hicho."

Spana ilipatikana asubuhi, chini ya kiti cha ndege ya tatu, imelala kando ya nyaya za usukani. Mpwa wake hakuwa ameigusa ndege hiyo kamwe. Fundi mwandamizi alikuwa ameiazima kutoka mikononi mwa kijana, bila kwenda kubadilisha kibati, akaisahau, na alipoulizwa akanyamaza. Rubani aliyepangiwa ndege hiyo aliitazama spana, akaketi chini palepale.

Kijana aliachiwa kabla ya chai. Shangazi yake hakumwomba radhi. Kwa mwaka mzima, mezani kwa familia, kijana alikuwa akisema, "Mtunza zana, naomba chumvi."

Wiki hii stoo imekabidhiwa kwa mpwa huyo huyo, aliyeiomba mwenyewe. Mama Kivuli alimnyooshea funguo.

"Zana zote zipo. Nimeshazihesabu."

Mpwa aliweka mikono nyuma. "Sawa, shangazi. Kaa hapo nje, nizihesabu mimi."

Mama Kivuli alisubiri kwenye benchi hadi wakati wa chakula cha mchana, na waliopita walimwona akicheka peke yake.

Mama, tunakushukuru kwa kila jioni uliyotuchelewesha kurudi nyumbani, na kwa marubani wote waliorudi kwao. Tunakutakia mapumziko yenye afya, na nyumba iliyojaa watu utakaothubutu kuwaamini, walau baadhi yao.