Njia ya Pili ya Hjördis Wallmark

"Mashine moja nzuri inatosha. Kupima kitu kilekile kwa njia mbili ni anasa." Ndivyo alivyosema mshauri wa bodi, Rickard Ekvall, katika mkutano wa Machi, na baadhi yenu wajumbe mkatikisa vichwa kukubali. Mimi nasema ni upuuzi, na ushahidi wangu ni mwenzetu anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia maabara yetu ya kupima maji miaka thelathini na sita.

Dkt. Hjördis Wallmark alifika Uddevalla akitokea chuo kikuu na shahada kubwa na sauti kubwa zaidi. Wanafunzi walipotutembelea, alinyunyiza chumvi ya mezani motoni, mwali ukawa wa manjano, kisha akawafokea kwa furaha: "Alama ya mwanga huu tumeisoma hata kwenye jua, na hakuna aliyekwenda huko na chupa! Halafu wewe unapiga miayo?"

Nimesoma mengi na kubishana na wengi, lakini bado hili linanifunga mdomo: kila elementi ina mwanga wake, na haimwazimi mwenzake. Kwa mwanga huo tunaijua nyota ambayo hatutaifikia kamwe, na tunaijua sumu iliyojificha katika kijiko cha maji.

Vuli moja, baada ya dhoruba kubwa, yaliletwa maji ya kisima cha Sixten Lundh, mfugaji wa kisiwani. Mashine yetu, ambayo huchoma sampuli katika moto wa gesi ya agoni na kupima uzito wa atomu, ilisema: sumu ya aseniki, tena nyingi. Hjördis akatia saini. Kisima kikafungwa, kiwanda kikayakataa maziwa yake, na lori la kuwapeleka ng'ombe machinjioni likaagizwa.

Sixten alipiga simu akiwa amewaka.

"We mama, ng'ombe wangu wanywe nini sasa? Bia?"

"Si mimi niliyetia sumu kisimani, Sixten."

"Sumu gani! Hayo maji nimeyanywea kahawa tangu nizaliwe. Ila tangu ile dhoruba hata kahawa yenyewe ina chumvi, haitamaniki."

"Hebu rudia. Kahawa ina nini?"

"Chumvi! We kiziwi?"

Hjördis alikata simu bila kuaga. Bahari ilikuwa imeingia kisimani, na maji yenye chumvi yana klorini. Katika ule moto mkali, klorini hushikana na agoni, na vikishikana uzito wake huwa sawasawa na wa aseniki. Mashine haikuharibika wala haikudanganya. Ilipima uzito kwa uaminifu kabisa, ila kilichopita mbele yake hakikuwa aseniki. Tafakarini hilo: chumvi ya bahari na gesi isiyo sumu vinavaa uzito wa sumu, na jamaa nusura apoteze kundi lake.

Akawasha kile kifaa chetu cha zamani, kisichopima uzito bali hutazama kama aseniki inaunyonya mwanga wake. Mwanga ukapita karibu wote. Aseniki haikuwapo ya kumdhuru mtu wala ndama.

Hapa kwetu anayekosea kipimo huoka keki ya Ijumaa. Hjördis alioka mbili za iliki. Moja aliiweka mezani petu, akaeleza kosa lake mbele ya wote, vijana wakimtania. Ya pili aliivusha kwa kivuko hadi kwa Sixten, pamoja na ripoti mpya. Sixten aliionja, akamwambia, "Sukari umebania, lakini kaa." Lori likarudi tupu. Kisima kikavutwa maji hadi chumvi ikaisha.

Tangu siku ile hakuna jibu la aseniki lililotoka humu bila kupimwa kwa njia ya pili. Wako watu wengi katika pwani hii wanaolala vizuri kwa sababu hiyo, na hawalijui jina lake.

Hjördis, asante. Nenda ukapande mashua yako, uoke bila kukosea, na afya isikupungukie. Tutakukumbuka kila tutakapotilia shaka jibu lililokuja upesi.

Nanyi wajumbe watano wa bodi, Alhamisi mtapiga kura kuhusu kukiuza kifaa hicho cha zamani na kuifuta nafasi ya kazi ya Hjördis. Kataeni yote mawili. Na atakayekubali, aende mwenyewe kisiwani akamweleze mfugaji ni kwa nini jibu moja linamtosha.